Jua halingoji seva

Leo naungama. Jumapili tarehe 21 Juni 2020 jua lilipatwa, na mimi, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, nilikuwa nimelala fofofo.

Siku hiyo pete ya moto ilionekana Kongo, Sudan Kusini na Ethiopia, ikavuka hadi Yemen na Oman. Sisi wa Nairobi tulipewa kuonja tu: mwezi ulimega kipande cha jua, kilele kikiwa karibu saa mbili asubuhi. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya corona. Mdogo wangu wa kike, wakati huo darasa la sita, alitoboa tundu kwenye kadibodi ili tulione umbo la jua sakafuni bila kuharibu macho. "Lala," nikamwambia, "nitakuamsha."

Nilikuwa nimeandika programu ndogo kwenye seva ya kukodi, initumie ujumbe saa 7:30 asubuhi. Ujumbe ulifika saa nne na nusu. Seva ilihesabu kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. 7:30 yake ni 10:30 yetu. Tulipotoka nje jua lilikuwa zima. Mdogo wangu akaniuliza, "Sasa litapatwa tena lini?" Nikakosa la kusema.

Hitilafu ile niliirekebisha kwa mstari mmoja. Asubuhi ile sikuweza kuirudisha. Wanaastronomia hukokotoa kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, kwa sekunde. Halafu sisi tunapoteza saa tatu nzima kwenye hatua ya mwisho!

Na hapa kwetu ni rahisi zaidi kupotea, maana wakati mmoja una majina matatu. Nyanya anasema saa moja na nusu, simu inaonyesha 7:30, seva inaandika 04:30. Isitoshe, Kenya haisogezi saa zake mbele wala nyuma mwaka mzima, basi tunasahau kwamba kuna saa za kwingine.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: saa isiyotaja ni ya wapi ni habari nusu. Anayetangaza tukio aandike ni saa za nani. Anayeunda programu ahifadhi UTC ndani, lakini mtumiaji aonyeshwe saa za Afrika Mashariki. Na kengele ijaribiwe siku moja kabla.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kwa zaidi ya dakika sita karibu na Luxor, Misri, kisha kivuli kipite Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya tutaona sehemu tu, mchana. Ile kadibodi mdogo wangu bado anayo. Ila amesema safari hii kengele ataweka mwenyewe.

Wewe je, kengele yako inafuata saa za wapi?