Msipime mgonjwa, pimeni njia mnayompitisha

Ninyi familia mlioacha nyumba na mashamba kwa sababu ya vita, leo nina neno na wale wanaotutembelea na karatasi za maswali.

Wanakuja, wanakaa, wanauliza: mama, unajua pa kwenda mtoto akiugua? Unapata matunzo bila shida? Majibu wanayageuza kuwa alama. Mwenye alama chache anaandikwa kuwa hana elimu ya afya, na kesho yake anaitwa kwenye mafunzo.

Vipimo vyenyewe si vibaya. Kimoja kinachojulikana kilitolewa Australia mwaka 2013: maswali 44, sehemu 9, na sehemu moja inahusu kujua kupita katika huduma za afya. Shida ni namna majibu yanavyosomwa. Mama akisema "ni vigumu", huenda si kwamba hajui. Anawaambia ukweli kuhusu njia.

Tuitazame hiyo njia. Kongo ina zoni za afya 519. Kila zoni imegawanywa katika maeneo ya afya yenye vituo vyake, na juu yao kuna hospitali kuu. Utaratibu ni kuanzia kituoni, kisha kupewa karatasi ya transferi. Lakini mama aliyetoka Masisi usiku na watoto wanne, kituo chake kilibaki nyuma. Huku anaambiwa: "Wewe si wa eneo hili." Akienda hospitali moja kwa moja, anaulizwa transferi. Akiipata, imeandikwa Kifaransa. Dirisha moja la fishi, lingine la malipo, lingine la labo, kisha arudi kulipa tena. Bei haijabandikwa popote. Mwezi uliopita matunzo yalikuwa bure kwa wahami. Mwezi huu mradi umeisha, na hakuna aliyemwambia. Wakati huo wote mtoto yuko mgongoni na homa. Malaria ya mtoto mdogo haingoji foleni.

Sasa niambieni, ni nani aliyepata sifuri hapo?

Kuna watakaojibu: watu wafundishwe kwanza. Mama huyu alijua barabara ipi inapitika, kizuizi kipi cha kukwepa, kijiji kipi kina maji. Aliwafikisha watoto wote wanne wakiwa hai. Mtu wa namna hiyo akipotea ndani ya uzio wa hospitali, kosa si lake.

Kuna watakaosema hakuna pesa. Kuandika bei kwa Kiswahili kwenye kartoni na kuitundika mlangoni, hilo nalo linangoja mfadhili? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Haki iliyofichwa nyuma ya karatasi usiyoweza kusoma ni haki ya nani?

Simlaumu muuguzi. Wengi wao wanafanya kazi bila mshahara wa serkali, na foleni inawachosha wao pia.

Ninaomba hivi. Kila eneo la afya lina komite yake, ile tunayoiita CODESA. Wanakomite wafuatane na mgonjwa mmoja mhami, tangu mlango wa kwanza hadi dawa mkononi, na waandike mambo matano: milango mingapi, karatasi ngapi na kwa lugha gani, malipo mara ngapi na kama bei imebandikwa, saa ngapi kabla ya kuonwa na munganga, na ni nani aliyemwelekeza mgeni. Wayasome mbele ya raia, na munganga mkuu wa zoni apate nakala. Baada ya miezi mitatu, wafuatane na mwingine.

Na wahami waingie katika komite hizo. Ndio wanaoijua hiyo njia, kwa kuwa wameipita na mtoto mgongoni.