Fezi 16 za Nini?

Kwenye boksi la bodi mama ya bei kali siku hizi, maandishi yanayoonekana kabla hata ya jina la chipseti ni namba: 16+1+2. Muuzaji huinyooshea kidole, mnunuzi hutikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na bei inapanda. Wachache huuliza namba hiyo inahesabu nini. Wanaojibiwa ukweli ni wachache zaidi.

Kinachohesabiwa ni fezi, yaani vituo vidogo vya kushusha umeme vilivyopangwa kandokando ya soketi ya prosesa. Pawa saplai huleta volti 12. Prosesa ikipewa volti hizo moja kwa moja itaungua papo hapo, maana yenyewe hutaka volti moja na ushee tu. Sehemu inayoshusha umeme huo mafundi huiita VRM. Haionekani kwenye picha za matangazo kwa sababu hufunikwa na hitisinki, na mara nyingi juu yake hubandikwa nembo na taa za rangi.

Hesabu yake ni fupi. Intel Core i9-13900K inaruhusiwa kula hadi wati 253. Kwa volti 1.25, hizo ni ampea zaidi ya 200 zinazopita kwenye bodi ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono mmoja. Na hakuna kubadili umeme kusiko na upotevu. VRM yenye ufanisi wa asilimia 90, inapopeleka wati 250 kwa prosesa, huacha njiani karibu wati 28 zikiwa joto. Ni kama kukilaza chuma cha kulehemu cha fundi redio, kikiwa kimewashwa, juu ya kipande cha bodi chenye upana wa vidole viwili, na kukiacha hapo kwa muda wote video inapohaririwa.

Ndani ya kila fezi kuna transista zinazowaka na kuzimika mara laki kadhaa kwa sekunde, koili ya kulainisha mkondo, na kapasita za kuutuliza. Fezi hupokezana zamu. Moja ikipumzika nyingine inasukuma, mzigo unagawanyika na joto linatawanyika. Kwa hiyo ni kweli kwamba fezi nyingi zina faida. Uongo huanzia pale namba inapoachwa iseme peke yake.

Bodi yenye fezi 8 za ampea 50 ina uwezo wa ampea 400 kwenye karatasi. Yenye fezi 6 za ampea 90 ina 540. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu, lakini dukani itaonekana dhaifu kwa kuwa sita ni pungufu ya nane. Halafu hata zile fezi 16 zenyewe huenda zisiwe 16. Watengenezaji wengi huchukua kidhibiti chenye njia chache na kuigawa kila njia mara mbili, ama kwa chipu ya kuzidisha, ama kwa kufunga jozi mbili za transista kwenye ishara moja. Mwaka 2018, bodi za Asus za chipseti ya Z390, ikiwemo ROG Maximus XI Hero, zilizua mabishano makali kwa sababu hiyo. Waliofungua hitisinki na kuhesabu koili waliona fezi nane za prosesa, ila waliofuatilia njia za ishara walikuta nne. Asus walikuwa na hoja: kufunga jozi pamoja bila chipu ya kuzidisha huiwezesha VRM kuitikia haraka zaidi mzigo unapopanda ghafla. Kiuhandisi hoja hiyo inasimama. Kibiashara, mnunuzi aliyehesabu koili alikuwa amejihesabia mwenyewe kitu ambacho hakikuwepo, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Kosa la kuamini sura ya nje ya bodi huonekana zaidi kazi inapokolea. Katikati ya mwaka 2017 Intel ilitoa jukwaa la X299 kwa ajili ya prosesa zenye viini vingi, na Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kwa jina la der8auer kwa umahiri wake wa kuziongezea prosesa kasi, akajitokeza hadharani na kuiita hali ya VRM za jukwaa hilo balaa. Alikuwa akiijaribu Core i9-7900X yenye viini kumi. Bodi nyingi alizozishika zilikuwa na hitisinki zilizochongwa ziwe mapambo: vipande vya chuma visivyo na mapezi, vimefunikwa kwa plastiki, hewa haina pa kupita. Transista zilikuwa nzuri, lakini joto lilikosa njia ya kutoka. Bodi ikishapata joto la kupindukia hujihami kwa kuipunguzia prosesa kasi, na mtu aliyelipia viini kumi hubaki na kasi ya mashine ya bei ya chini.

Miaka miwili baadaye hadithi ikajirudia upande wa AMD. Julai 2019 zilitoka bodi za X570, ghali kuliko zilizotangulia. Chaneli ya Hardware Unboxed ya Australia ilipozipima kwa prosesa kubwa za Ryzen, bodi za bei ya chini za MSI katika familia hiyo, kama X570-A Pro, ziliibuka na VRM zenye joto kupita za wenzao. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imejizolea sifa mwaka 2018 kwa B450 Tomahawk, bodi ya bei ya kati iliyopendwa kwa sababu hitisinki yake ilikuwa hitisinki kweli. Mwaka 2020 MSI ilileta X570 Tomahawk yenye VRM nyingine kabisa, na ukosoaji ukaisha. Kwa hiyo herufi ya chipseti, B au X, haikumlinda mtu. Aliyenunua X kwa kuamini kuwa X ni kubwa kuliko B alipata sloti nyingi zaidi na upoozaji duni.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa suala hili la joto lina uzito wa pekee. Majaribio mengi yanayosambazwa hufanywa kwenye vyumba vyenye nyuzi 20 na kitu. Mwezi wa pili, ofisi isiyo na kiyoyozi pwani hufika nyuzi 32 mchana, na tofauti hiyo huongezeka yote juu ya joto la VRM. Wahandisi wana kanuni ya zamani kuhusu kapasita za elektroliti: kila joto linapozidi kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa nusu. Bodi za leo hutumia kapasita za polima zinazovumilia zaidi, lakini hakuna kapasita inayopenda kuchemka. Vumbi likishaziba mapezi ya hitisinki, majibu ya maabara ya Ulaya hayamhusu tena mwenye mashine.

Wenye umri wanakumbuka kapasita zilivyowahi kuwatesa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita zenye majimaji mabovu ziliingia kwenye bodi za kampuni nyingi. Zilivimba kichwani, zikapasuka, zikavuja ute wa kahawia. Kompyuta za Dell OptiPlex zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya gharama hizo. OptiPlex ndilo jina lilelile ambalo vizazi vyake vya baadaye vimejaa kwenye ofisi na maduka ya mitumba ya Afrika Mashariki. Anayenunua mtumba hana haja ya kusoma majedwali ya fezi. Afungue kifuniko, amulike tochi kuzunguka soketi, aangalie kama kuna kapasita iliyotuna au alama ya kuungua. Aangalie pia waya wa pawa saplai: OptiPlex nyingi za kizazi cha 9020 hutumia plagi za Dell wenyewe, si zile za kawaida za pini 24, kwa hiyo pawa saplai ikifa ya kuchomeka haipatikani kila duka.

Dhana nyingine ya kufutwa: VRM ya kifahari haimkingi mtu na umeme wa gridi unaoruka. Umeme ukipanda na kushuka ukutani, wa kwanza kupigwa ni pawa saplai. VRM huona zile volti 12 tu. Pawa saplai ikishindwa, fezi 20 haziokoi kitu. Mwenye kuogopa kukatikakatika kwa umeme anapaswa kupeleka pesa yake kwenye UPS na pawa saplai ya maana kabla hajafikiria kupanda daraja la bodi.

Na kuna hatari ambayo haionekani hata kwa kufungua hitisinki, nayo ni programu ya BIOS. Aprili 2023, baadhi ya prosesa za Ryzen 7 7800X3D ziliungua zikiwa kwenye soketi, na bodi za Asus ndizo zilizotajwa zaidi. Volti ya sehemu iitwayo SoC ilikuwa ikipandishwa kupita kiasi, na AMD ikalazimika kuwafungia watengenezaji wote wa bodi kikomo cha volti 1.3. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel. Prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba na kuzimisha programu. Intel ilikuta kwamba zilikuwa zikipewa volti kubwa kuliko zinavyostahimili, ikatoa marekebisho ya mikrokodi kuanzia Agosti mwaka huo, na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Wakati wa sakata hilo ndipo wengi walipogundua kuwa bodi zao zilitoka kiwandani na kikomo cha umeme kilichowekwa wati 4096. Kwa maneno mengine, hakikuwepo. Kila mtengenezaji alitaka bodi yake iongoze kwenye majedwali ya kasi, kwa hiyo aliondoa breki. VRM kubwa ndiyo iliyowapa ujasiri wa kufanya hivyo.

Hapo ndipo sifa nyingine za bodi zinapoanza kuwa na thamani kuliko fezi. Kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, bila prosesa kuwa ndani, ni mfano mzuri. Mtu hununua bodi ya B450 iliyokaa ghalani tangu 2019, anaichomeka Ryzen ya mfululizo wa 5000 iliyotoka Novemba 2020, mashine inabaki giza. Bodi isiyo na kitufe hicho inahitaji prosesa ya zamani ya kuazima ili isasishwe, na katika mji wenye fundi mmoja wa kompyuta prosesa hiyo huenda isipatikane wiki nzima. Yenye kitufe humalizana na tatizo kwa dakika chache. Hakuna muuzaji anayekipigia debe, kwa sababu hakiwaki taa.

Sloti nazo zina mitego yake. Bodi nyingi za daraja la H610 zina sloti mbili tu za RAM na moja ya M.2. Bodi za B760 huja kwa aina mbili, za DDR4 na za DDR5, na mara nyingi tofauti pekee katika jina ni herufi D4 mwishoni. RAM ya DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR5 hata kwa nguvu. Kwenye bodi kadhaa, SSD ikichomekwa sloti ya pili ya M.2, matundu mawili ya SATA huzimwa, na diski ya zamani yenye picha za harusi "hupotea". Fundi asiyesoma kijitabu ataitangaza diski imekufa. Kijitabu hicho hupatikana bure kwenye tovuti ya kila mtengenezaji, na ukurasa wa matundu ni wa kusomwa kabla ya kulipa. Baada ya kulipa haurudishi pesa.

Je, bodi ghali hazina kazi? Zina kazi. Anayehariri filamu au kuchora majengo kwa prosesa ya wati zaidi ya 200 mchana kutwa anahitaji fezi nyingi zenye ampea nyingi, hitisinki nzito na feni ya kuipulizia. Huyo akinunua bodi ya bei ya chini atakuwa ameifunga prosesa yake kamba. Lakini wanunuzi wa namna hiyo ni wachache. Wengi hununua prosesa ya wati 65, ya ofisi, masomo na michezo ya jioni, na bodi yoyote yenye akili iliyotengenezwa baada ya 2020 huilisha bila kutoka jasho. Kwao, kupanda kutoka fezi 8 hadi 16 hakuongezi hata picha moja kwa sekunde.

Watengenezaji wakubwa wa Taiwan, yaani Asus, MSI, Gigabyte na ASRock, wanajua vizuri bodi zao zinahimili wati ngapi kwa saa nzima, na kwenye chumba cha nyuzi ngapi, maana hupima. Wangeweza kuyaandika hayo mawili kwenye boksi, mahali pa ile 16+1+2. Waagizaji wanaoleta makontena ya bidhaa zao Dar es Salaam na Nairobi wana haki ya kuwadai. Mpaka hapo watakapoandika, mwenye prosesa ya wati 65 achukue bodi ya daraja la B yenye hitisinki ya chuma kitupu na kitufe cha kusasisha BIOS, na chenji ikanunue pawa saplai nzuri.