Mji na Cheo cha Jiji

Waandishi wa toleo hili wametuletea makala zao juu ya makazi ya watu wengi, nasi katika kuzihariri tumekabiliwa na mushkili usiokuwa wa hati wala wa nukta: mmoja ameiita Kigoma mji, wa pili ameiita manispaa, na wa tatu, kwa mahaba yake, amekwisha kuitawaza jiji, ilhali Serikali haijafanya hivyo. Imetulazimu, basi, kutoa rai yetu kabla ya kumwachia msomaji kurasa zinazofuata.

Jiji, kwa jinsi neno hilo linavyotumika leo katika Tanzania, ni cheo, na cheo kilichotolewa kwa amri huweza kuhamishwa kwa amri. Dar es Salaam ilikipata tarehe 10 Desemba 1961, siku ya pili ya uhuru. Mwanza ikafuata mwaka 2000, na Dodoma mwaka 2018. Kisha, mwezi wa Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, cheo chake ikavishwa Ilala, na mkazi wa Temeke aliyelala jijini akaamka katika manispaa tu, na nyumba yake haikusogea hata shubiri. Hata hivyo hakuacha kusema kuwa anakaa jijini, wala hatumlaumu, maana ulimi wa watu haungoji Gazeti la Serikali.

Mji ni neno la nasaba nyingine. Mwenye mji ndiye mwenyeji, na Wamijikenda, waliojikusanya chini ya jina hilo katika miaka ya 1940, walijiita kwa miji tisa, nayo ilikuwa kaya za msituni, zenye malango na wazee wa shauri, ambazo karani wa leo asingeziandika hata kuwa miji midogo. Wingi wa vichwa haukuwa shuruti. Shuruti ilikuwa watu wawe na wazee wa kuamua baina yao, na mgeni ajue atapokewa na nani.

Kwa mizani hiyo Ujiji ilikuwa mji kabla ya afisi yoyote kuiandika (na jina lake, ijapokuwa masikioni mwa mgeni lasikika kama hali ya kuwa jiji, ni la nchi ya Wajiji). Burton na Speke walipowasili Februari 1858 walikuta misafara ya Waarabu na Waswahili imekwisha kuizoea njia ya huko, na Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, alimkuta katika mji wenye soko na mabaraza. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, stesheni na bandari zikawekwa kwenye ghuba, shughuli za serikali zikaifuata reli, na Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na wenyewe.

Hapa Katubuka, ambayo kwa hati ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mama mwenye dumu la mawese humwambia dereva wa bajaji, “Nipeleke mjini, mwanangu,” naye dereva, bila kuuliza ni mji upi, hugeuza chombo kuelekea stesheni. Kwa sheria mama huyo hakutoka nje ya mji; kwa kauli yake ndiyo kwanza anauendea, kwa kuwa mji kwake ni pale penye benki, meli na mnunuzi. Lakini mama huyo huyo, akiulizwa kwao akiwa Kariakoo, atajibu pasi na kusita, “Kigoma mjini.” Kauli zote mbili ni sahihi, na hakuna ramani inayoweza kuzikusanya pamoja.

Wanaotuudhi ni wale wanaolitamani neno jiji kana kwamba mitaro na maji ya bomba hushuka pamoja nalo, na wanaolitaja neno mji kwa sauti ya kuomba radhi. Kwa hiyo tumeazimia kwamba katika kurasa hizi jiji litaandikwa pale tu palipopewa cheo hicho, Kigoma na Ujiji zitaitwa mji bila kuongezewa wala kupunguziwa, na maneno ya wasemaji yataachwa kama walivyoyatamka. Mwandishi asiyeridhika na hukumu hii atuletee hoja yake kabla ya toleo lijalo, nasi tutaichapa.