Mechi ikiahirishwa, mbio zianze

Shabiki wa soka anaijua picha hii. Mvua imepiga tangu asubuhi, uwanja umegeuka bwawa, na watu wamejibanza kando na miavuli na mifuko ya plastiki kichwani. Mwamuzi anaingia katikati, anauinua mpira hadi usawa wa kifua na kuuachia. Ukidunda, mechi ipo. Ukitua kwenye tope na kubaki hapohapo, makapteni wanaangaliana, filimbi inapigwa, kila mtu anarudi kwake. Hakuna wa kulaumiwa. Pointi ziko palepale na siku nyingine itapangwa.

Mkimbiaji hana mwamuzi wa kumdundishia mpira. Yeye akiahirisha leo, kesho na keshokutwa, hakuna kamati itakayompangia siku nyingine. Anachopoteza kimepotea. Na kwa kijana anayeishi Goweko, au kijiji chochote cha Tabora, siku za kuahirisha si mbili wala tatu kwa mwaka. Ni karibu nusu mwaka.

Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui, na ni stesheni ya Reli ya Kati upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Anayetoka Dodoma kwa treni huipita akielekea Igalula, kisha Tabora mjini. Huku hakuna vuli ikapumzika halafu masika ikaja, kama walivyozoea watu wa Pwani na wa Kilimanjaro. Msimu wa mvua ni mmoja, unaanza kama Novemba na kumalizika kama Aprili. Ardhi ya kichanga inanywa maji haraka, lakini kwenye mbuga zenye udongo mweusi hali ni nyingine. Kila hatua unainua kilo nzima ya tope. Ukitoka umevaa viatu vyepesi, unarudi umevaa matofali.

Ligi nyingi za vijijini zinalijua hilo na husubiri kiangazi. Mchezaji wa mpira anaweza kumudu. Atarudi Mei na kitambi kidogo, acheze mechi tatu nne za kujikongoja, mguu urudi. Mkimbiaji wa masafa marefu hana bahati hiyo. Pumzi aliyoijenga kwa miezi kadhaa huanza kupungua baada ya wiki mbili tatu tu za kukaa. Anayesimama Novemba na kuanza tena Mei haendelei alipoishia. Anaanza sifuri, na mwakani ataanza sifuri tena. Miaka mitano ya namna hiyo si miaka mitano ya mazoezi. Ni mwaka mmoja uliorudiwa mara tano.

Sasa tazama kalenda. Mbio kubwa zinazokusanya wakimbiaji wa ridhaa wa nchi hii, Kilimanjaro Marathon, zimekuwa zikifanyika Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa mtu wa Moshi, Januari na Februari ni miezi mikavu, na mvua zake kubwa zinakuja baadaye. Kwa mtu wa Tabora, miezi hiyohiyo ndiyo mvua imeshika usukani. Wote wawili watasimama mstari mmoja wa kuanzia, ila mmoja ametoka barabara kavu na mwenzake ametoka matopeni.

Mashindano ya shule nayo, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa kawaida huja katikati ya mwaka. Mtoto aliyelala msimu mzima wa mvua anakwenda kuchujwa akiwa na mwezi mmoja wa mazoezi mguuni, au pungufu. Akishindwa, watu watasema Tabora haina wakimbiaji. Wakimbiaji wapo. Miezi ndiyo iliyokosekana.

Wapo watakaosema kwamba kijana mvivu hakosi sababu, leo mvua, kesho jua. Maneno hayo anayasema mtu asiyejua Januari ya kijijini ikoje. Mvua haileti tope peke yake, inaleta na jembe. Hiyo ndiyo miezi ya mahindi, karanga na tumbaku. Kijana wa ridhaa hana mshahara wa klabu wala posho ya kambi. Alfajiri yuko shambani, mchana bado yuko shambani, na jioni akivaa kaptula mama mtu anamuuliza, "Mwanangu, mvua yote hii unakwenda wapi, nguvu umezitoa wapi?" Swali la haki kabisa.

Jambo hili katika nchi ya Wanyamwezi ni la zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita jirani na hapa, kupitia Tura, Rubuga na Kigwa, miongo mingi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea mamia ya kilomita hadi Pwani, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani. Lakini hata wao walikuwa na kalenda. Wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, na kujitahidi kuwa nyumbani mvua zikianza ili walime. Waliolazimisha safari masikani walikiona cha moto. Msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo Machi 1871, ukakutana na mafuriko ya Makata, ukapoteza wanyama na watu kwa maradhi, na ukaingia Unyanyembe mwezi Juni. Kwa hiyo miguu ya watu wa huku kupumzika wakati wa mvua si uvivu. Ni hesabu ya chakula.

Ila mpagazi hakuwa na mashindano Februari. Kijana wa leo anayo. Ndiyo maana hesabu hiyo lazima ipigwe upya, na isiachwe mabegani mwake peke yake.

Anayedhani hali mbaya ya hewa ni mkosi wa kuvumiliwa tu aikumbuke Boston ya tarehe 16 Aprili 2018. Mvua ilimwagika, upepo ulikuwa wa uso kwa uso, na baridi ilikuwa ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Vigogo wengi waliachia njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa dunia wa 2017 na bingwa mtetezi wa Boston, aliongoza hadi dakika za mwisho, kisha miguu ikagoma. Aliyempita alikuwa Yuki Kawauchi wa Japani, aliyeshinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Huyu hakuwa mkimbiaji wa kulipwa. Alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama, mwenye dawati katika ofisi ya shule, akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Siku ya mwaka mpya 2018, miezi mitatu na ushee kabla ya Boston, alikuwa amekimbia marathoni nyingine Marshfield, Massachusetts, kwenye baridi ya kama nyuzi 17 chini ya sifuri. Kwa wanawake, mshindi wa pili alikuwa Sarah Sellers, muuguzi wa idara ya usingizi ambaye kabla ya siku hiyo wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Shabiki wa soka atauelewa mchezo ule kirahisi. Ni kama timu ya daraja la pili kumtoa bingwa kwenye Kombe la FA, uwanja ukiwa tope tupu. Siku ya hewa nzuri Kirui anamwacha Kawauchi mbali. Siku ya mvua, aliyezoea shida alikuta wenzake ndiyo kwanza wanajuana nayo.

Na nyumbani? Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Hewa ilikuwa ya joto na unyevu, kinyume kabisa na Boston, na bado ilikuwa vita dhidi ya hali ya hewa. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, jambo la kuamuliwa kwa picha, kama goli la kupimwa kwa mstari wa VAR. Simbu ni mzaliwa wa Singida, mkoa unaopakana na Tabora, nao una msimu mmoja wa mvua vilevile. Mawingu yake na ya Goweko ni ya ukoo mmoja. Alichopata Simbu ambacho mtoto wa Goweko hajapata ni mkono wa kumshika. Jeshi lilimpokea, akapata kocha, akapata kambi, akawa na sababu ya kutoka nje hata siku ambayo blanketi linamwita.

Basi kifanyike nini? Vingi havihitaji fedha.

La kwanza ni saa. Wakati wa mvua, ngurumo mara nyingi huja alasiri na jioni. Alfajiri ndiyo salama zaidi, hata kama ni dakika 30 tu kabla ya jembe. Mkimbiaji wa ridhaa haitaji saa mbili kila siku. Nusu saa mara nne kwa wiki, na siku moja ndefu ambayo familia imekubali, inatosha kuilinda pumzi isirudi sifuri.

La pili ni njia. Siku ya tope achana na mbuga, tafuta kichanga au barabara ya changarawe, hata ikiwa ni kipande cha kilomita moja cha kwenda na kurudi mara kumi. Watu watacheka. Wacheke. Tuta la reli litamvutia mtu kwa sababu limeinuka na ni kavu, lakini reli si uwanja wa mazoezi. Mvua ikiwa kubwa, treni unaweza usiisikie.

La tatu ni uhai, na hapa kocha au mwalimu asione haya kuwa mwamuzi mkali. Ukisikia radi, mazoezi yamekwisha. Watu waingie kwenye jengo na wasitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tabora ni nchi ya miembe, na mvua ikikukuta barabarani mwembe unaonekana kama paa la bure. Usikimbilie pale, kwani mti mrefu uliosimama peke yake ndio radi inaoutafuta. Kijito kilichojaa hakivukwi, hata kama jana maji yalikuwa ya vifundo. Na mwenye homa haendi kukimbia "kuitoa kwa jasho". Anakwenda zahanati kupimwa malaria.

La nne ni mbio zenyewe, na hapa ndipo wenye mamlaka wanapohusika. Mtu hafanyi mazoezi miezi sita bila kitu cha kukisubiri. Maofisa michezo wa wilaya, walimu wa michezo na viongozi wa riadha mkoani wanaweza kuweka mbio ndogo za kilomita 5 na 10 kati ya Januari na Machi, kata kwa kata, siku moja kila mwezi. Hakuna haja ya fulana zenye matangazo wala mgeni rasmi. Inahitajika njia iliyopimwa, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari. Daftari ndilo la maana kuliko yote. Muda wa binti wa darasa la saba ukiandikwa Januari, ukaandikwa tena Februari na Machi, uchaguzi wa timu ya UMITASHUMTA hautategemea nani alikuwa na bahati wiki moja ya Juni.

Na la tano ni la shabiki wa soka mwenyewe. Turudi pale uwanjani, mpira umegoma kudunda, mechi imeahirishwa. Watu mia mbili wameshafika, wameshalowa, hawana pa kwenda. Kama radi haipigi, barabara ipo palepale nje ya uwanja. Wapange vijana kumi, wavulana na wasichana, kilomita 3 kwenda na kurudi, mashabiki wasimame pande zote mbili. Kile kidogo kilichochangwa kwa ajili ya mechi kimnunulie mshindi viatu. Wachezaji wa timu mbili zilizokosa mechi nao waingie, wajionee nani ana pumzi na nani ana maneno.

Siku kama hiyo haitagharimu halmashauri chochote, wala haitamlazimu mtu kuiacha Simba au Yanga yake. Itamfanya kijana wa Goweko ajue kwamba, mwezi ambao kila kitu kinasimama, kuna watu watakaosimama barabarani kumwona akipita.