Katika Sataranji, Kula si Sheria

Zinapofika siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hupumzisha taa na nyavu zao, kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa wakati mwezi umeangaza maji yote. Ndipo katika mialo ya Kome, Maisome, Ukara na Ukerewe mbao za drafti hutolewa nje, vizibo vya soda vikapangwa, na watu wazima wakabishana kama watoto. Mjini Geita, katika kata ya Kalangalala, hapana haja ya kuungoja mwezi. Ubao upo kibarazani kila jioni. Na kwa kuwa drafti na sataranji huchezwa juu ya miraba ile ile 64, haikuwa ajabu siku moja mtu kuleta kete za sataranji na kuzipanga mahali pa vizibo. Sasa wapo vijana wanaoucheza mchezo huo, na watumishi wa serikali pia, baada ya saa za kazi.

Jambo hili twalifurahia, wala hatuoni haya kuitumia safu hii kulizungumzia. Lakini tumeona kasoro moja inayojirudia, nayo si kasoro ya akili bali ya malezi. Mchezaji wetu wa kawaida anapokutana na ufunguzi asioujua, hachagui jibu. Mkono wake ndio unaochagua.

Asili ya kasoro hiyo haiko mbali. Katika drafti, kete ya adui ikiwa wazi huna budi kuila, hakuna hiari. Katika bao, mchezo ambao ndugu zetu wa pwani na wa Unguja wameukuza hadi ukawa elimu kamili, sheria ni hiyo hiyo: mwenye nafasi ya kula lazima ale. Mtoto wa kwetu hukua akiwa amefunzwa na mbao mbili kwamba kinachoweza kuliwa ni lazima kiliwe. Kisha akiwa kijana huketi mbele ya sataranji, ambako kula ni hiari tupu, na hakuna mtu anayemwambia kwamba sheria imebadilika. Humwona askari wa mwenzake amesimama peke yake bila mlinzi, naye humnyakua. Mara nyingine hufanya vyema. Mara nyingine askari huyo alikuwa chambo, na wavuvi wanaotusoma hawahitaji kuelezwa chambo ni nini.

Mmoja wetu katika chumba hiki cha habari alipata somo hilo Kalangalala, mbele ya watu, kutoka kwa mwanafunzi wa sekondari ambaye hakuinua hata kichwa. Mwenzetu alikuwa na kete nyeupe, akamsogeza mbele hatua mbili askari aliye mbele ya malkia, kama afanyavyo siku zote. Kijana akajibu kwa askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili vilevile, akamwacha aliwe bure. Ufunguzi huo unajulikana kwa jina la Mswidi Fritz Englund, na wachezaji wakubwa hawausifu. Mwenzetu hakuwahi kuuona. Akala. Farasi mweusi akatoka kumtisha yule askari aliyekula; farasi mweupe akatoka kumlinda. Malkia mweusi akasogea mraba mmoja, akasimama mbele ya mfalme wake. Askofu mweupe akatoka ili kuongeza ulinzi. Hadi hapo hakuna aliyekosea sana, na mweupe alikuwa amefaidi askari mmoja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoleta balaa. Malkia mweusi akaruka hadi ubavuni, akamtisha mfalme, na papo hapo akamtisha askofu na askari mwingine asiye na mlinzi. Mwenzetu akamrudisha askofu ili amkinge mfalme. Malkia akamla yule askari, akasimama karibu kabisa na ngome ya pembeni. Waliokuwa wamesimama nyuma wakaona, kama alivyoona mwenzetu, kwamba malkia ameingia mtegoni: askofu akipanda mraba mmoja atamtisha malkia na kuilinda ngome kwa pigo moja. Ni hatua nzuri kuitazama. Akaicheza kwa kishindo. Kijana akamtoa askofu wake, akambana askofu mweupe dhidi ya mfalme asiweze kusogea kumla malkia. Mwenzetu akamleta malkia wake kusaidia, maaskofu wakaliana, naye akala kwa malkia, kwa kuwa mkono umezoea kula. Malkia mweusi akashuka hadi mstari wa mwisho na mfalme mweupe akafungwa. Hatua nane. Lau asingekula mara ile ya mwisho kwa malkia, angeipoteza ngome nzima, kwa hiyo kosa lenyewe lilikuwa limekwisha kufanyika hatua mbili kabla.

Tumelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu dawa yake ilikuwa karibu sana. Mahali pa kumpandisha askofu, angemtoa farasi wake wa pili, basi. Farasi huyo akiondoka nyumbani, malkia mweupe aliye mbali katika mstari ule ule anaiona ngome ya pembeni na kuilinda, bila mtu kumwambia. Hakuna kitisho ndani ya hatua hiyo, hakuna kishindo, na watazamaji wasingeshangilia. Lakini kete mpya ingekuwa imeingia kazini, mfalme asingekuwa amefunguliwa njia mbaya, na malkia mweusi angebaki peke yake ndani ya nyumba ya watu akitafuta mlango. Mwenzetu hakushindwa kwa sababu hakuujua ufunguzi wa Englund. Alishindwa kwa sababu, alipoona jambo geni, alitafuta la kumpiga mwenzake badala ya kuuliza ni kete zipi zake ambazo bado zimelala.

Wapo wachezaji wa aina nyingine. Yupo aliyekariri hatua sita za ufunguzi anaoupenda, na atazicheza zote sita kwa mpangilio ule ule hata kama mwenzake anamlia kete pembeni. Yupo pia yule ambaye ufunguzi wa ajabu humtia hasira. Huyu huamini kwamba kila kisicho cha kawaida ni kosa, na kwamba kosa sharti liadhibiwe papo hapo, kwa hiyo hutupa kete zake mbele kabla hazijapangika. Kwake twaukumbusha mwaka 1980, katika mashindano ya timu za Ulaya yaliyofanyika Skara, Uswidi. Anatoly Karpov, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia, alimsogeza askari wa mfalme hatua mbili. Mwingereza Tony Miles akajibu kwa kumsogeza askari wa pembeni kabisa hatua moja tu, hatua ambayo mwalimu yeyote angemkemea mwanafunzi wake kwa kuicheza. Miles alishinda. Hatusemi kwamba hatua ile ni bora. Twasema kwamba ugeni peke yake si kosa, na hata bingwa wa dunia alipaswa kufikiri upya tangu mwanzo.

Elimu ya mambo haya ipo, na si siri. Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alichapisha uchunguzi wake juu ya namna wachezaji wa sataranji wanavyofikiri. Aliona kwamba mabingwa hawatazami mbele hatua nyingi kupita kiasi kuliko wachezaji wazuri wa daraja la chini yao. Tofauti kubwa ni kwamba bingwa huiona hatua nzuri mapema, kwa kuwa ameyazoea maumbo ya ubao. Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaendelea mwaka 1973. Waliwaonyesha watu kete kwa sekunde chache, kisha wakawataka wazipange tena kwa kukumbuka. Kete zikiwa zimetokana na mchezo wa kweli, bingwa aliwaacha wengine mbali sana. Zikiwa zimetawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ulitoweka.

Kwa mchezaji wa kibarazani habari hiyo ni ya kutia moyo. Ina maana kwamba katika ufunguzi usiozoeleka umbali kati yake na aliye juu yake hupungua, ila kwa sharti kwamba asijifanye anayakumbuka mambo asiyowahi kuyaona. Mmarekani Bobby Fischer, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, alichoshwa na ufunguzi wa kukariri hata mwaka 1996, mjini Buenos Aires, akatangaza sataranji ambayo kete za nyuma hupangwa kwa kura katika namna 960, ili mtu alazimike kufikiri tangu hatua ya kwanza. Sisi wa mialoni na vibarazani hatuhitaji kura hiyo. Kwetu karibu kila ufunguzi ni mgeni. Mweupe ana hatua 20 za kuanzia na mweusi ana 20 za kumjibu, yaani kila mmoja akisogeza mara moja tu ubao umekwisha kuwa na sura 400. Asiyekuwa na kitabu wala mwalimu hawezi kuzikariri, na asihangaike.

Aliyekulia kwenye bao anao mtaji ambao haujui. Ni kweli bao humlazimisha kula, lakini lina nyumba, na kete ya mwisho inapoangukia nyumba wakati wa kula, mchezaji hupewa hiari: alale, au asafiri. Fundi hajivunii kusafiri kila mara. Hutazama kwanza ghala lake lina kete ngapi, na nyumba ya mwenzake imesimama au imebomoka, ndipo aamue. Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, alipoandika mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, aliwatazama kwa makini yale yale ambayo wataalamu wa Ulaya waliyatumia kwa mabingwa wa sataranji, na alistahili kufanya hivyo. Kijana wa Kisukuma ambaye babu yake alicheza isolo, na kijana wa kisiwani ambaye baba yake hucheza drafti, wasije kwenye sataranji wakidhani wanaanza mikono mitupu. Waje wakijua ni tabia ipi ya kuiacha mlangoni na ipi ya kuingia nayo.

Hapa ndipo tunapowageukia Maafisa Elimu na Maafisa Utamaduni na Michezo wa Halmashauri zetu. Sataranji inapofundishwa shuleni, ni rahisi mno kuifundisha vibaya. Mwalimu aliyeelemewa na vipindi hutoa karatasi yenye hatua kumi za ufunguzi fulani, wanafunzi wakaimba hatua hizo kama jedwali la kuzidisha, na katika mashindano ya kwanza mpinzani akacheza hatua ya pili isiyokuwamo katika karatasi. Mtoto huyo hana pa kushika. Tumewahi kumsikia mtoto wa namna hiyo akilalamika kwamba mwenzake amekosea kucheza, ilhali mwenzake ndiye aliyeshinda.

Mfano mwema tunao jirani. Katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, mwalimu Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto ambao wengine hawakuwa wakisoma shule. Phiona Mutesi alitoka humo, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Habari zake ziliandikwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2016, kwa hiyo hatuna haja ya kuzirudia zote. Tunachotaka afisa wetu akione ni kwamba watoto wale hawakuanza na maktaba ya funguzi. Walianza na ubao, mwalimu aliyewauliza maswali, na michezo mingi waliyoshindwa.

Basi tunaomba mambo machache ambayo hayahitaji bajeti ya kujadiliwa barazani. Kila mwanafunzi anayecheza aandike hatua zake na za mwenzake katika daftari la kawaida, kwa herufi na namba za miraba, jambo linalofundishika kwa alasiri moja. Baada ya mchezo wachezaji wote wawili waurudie hadi ile hatua ya kwanza ambayo hawakuwahi kuiona, na hapo mwalimu aulize: hatua hii inataka nini, imeacha nini bila mlinzi, na ni kete ipi yako ambayo bado haijatoka? Akiambiwa kwamba askari aliliwa kwa sababu alikuwa wazi, aulize tena kama kulikuwa na ulazima. Na katika mashindano ya wilaya, mara moja moja, waamuzi watoe ufunguzi mmoja mgeni ambao wote watauanzia, ili ionekane nani anafikiri na nani anakariri.

Ndugu zetu wa visiwani wao hawana haja ya kumsubiri afisa. Tangu Juni 2025, Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, wasafiri wa Geita na Mwanza wameagana na foleni ya kivuko, na pamoja nayo wameagana na saa nyingi za drafti. Lakini mwenye safari ya Kome bado anangoja chombo pale Nyakaliro, na muda huo watosha mchezo mmoja na kuuandika. Atakayeshindwa kwa hatua nane atuletee daftari lake. Tunalo la kwetu la kulinganisha nalo.