Barafu ikichelewa kuganda, chakula chako ki hatarini

MSIMU wa joto Nairobi huanza Januari na kuendelea hadi Machi, na katika majuma hayo barafu huwa bidhaa ya thamani huko Sarang'ombe. Kuanzia Olympic hadi Gatwekera, na hata ng'ambo ya pili kule Kawangware, wako akina mama ambao karo ya watoto wao hutokana na juisi na maji baridi. Ni wakati huo huo ambapo malalamiko huzidi: friji imenguruma usiku kucha, lakini kulipokucha maji kwenye trei yalikuwa na utando mwembamba tu juu yake.

Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa hasara ya biashara, au kero ya kukosa kinywaji baridi. Mimi naona kwamba ni suala la afya kwanza, na pesa baadaye. Barafu ndiyo kipimajoto cha mtu asiye na kipimajoto. Ikichelewa kuganda, inakwambia kwamba maziwa, nyama na mboga ulizoziweka humo hazina ulinzi unaoudhania.

Friza iliyo sawa inapaswa kuwa na baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri, na sehemu ya friji isizidi nyuzi 5. Katika hali hiyo, trei ya kawaida huganda kwa muda wa saa tatu au nne hivi. Bila shaka chupa ya lita moja itachukua muda mrefu zaidi, na hiyo si dalili ya ubovu. Friji mpya au iliyozimwa kwa muda nayo yaweza kuhitaji siku nzima kabla ya kushika baridi kamili. Lakini trei iliyowekwa saa mbili usiku isipoganda hadi asubuhi, kuna kasoro.

Viini vya maradhi huzaana upesi katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Friji isiyopoza haitofautiani na kuacha chakula nje. Ni kabati lenye taa, basi.

Anza na yasiyo na gharama

Mafundi wengi hukimbilia jibu moja: gesi imekwisha. Msomaji, usilikubali jibu hilo kabla ya kujikagulia mwenyewe. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka humo humo kwenye mabomba miaka nenda miaka rudi, na hupungua tu iwapo kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba amekuuzia majuma machache ya baridi, kisha utamwita tena.

Tazama kwanza mpira wa mlango. Chukua noti ya shilingi 100, ibane mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya nje inaingia hapo usiku na mchana. Mara nyingi mpira huwa umeshika uchafu na mafuta tu, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni hutosha kuurejesha katika hali yake. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.

Pili, tazama theluji iliyojikusanya ndani ya friza. Watu wengi hudhani kuwa theluji nyingi ni baridi nyingi. La hasha! Theluji hiyo ni kama blanketi inayozuia baridi isifike kwenye trei. Ikiwa nene kama nusu sentimita, zima friji, ondoa vitu, uache mlango wazi hadi theluji iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu. Wako walioyatoboa mabomba kwa njia hiyo, na hapo ndipo gesi ilipotoweka kweli.

Tatu, tazama ilikowekwa. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, friji husukumwa hadi ikagusa ukuta, na jiko huwa hatua mbili tu kando yake. Friji hupoza kwa kuondoa joto ndani na kulitupa nje kupitia mabomba ya nyuma au ubavuni. Lisipopata pa kwenda, kompresa hufanya kazi bila kupumzika na barafu haigandi. Iache nafasi ya upana wa kiganja, chomoa waya, kisha ufagie vumbi lililo nyuma. Aidha, usiweke sufuria ya mchuzi unaotoka moshi, wala usifungue mlango kila mteja anapobisha.

Mwisho ni stima. Kiwango cha kawaida nchini Kenya ni volti 240, lakini panapokuwa na nyumba nyingi kwenye waya mmoja, taa hufifia jioni wakati kila mtu anapopiga pasi na kupika. Kompresa ikikosa nguvu ya kutosha hunguruma, hulia 'tap', kisha hunyamaza. Friji ikifanya hivyo, ichomoe hadi taa zirudi hali yake, na ungoje dakika tano au zaidi kabla ya kuiwasha. Waya zenyewe usiziguse.

Na stima ikipotea kabisa, usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa kama saa nne, na friza iliyojaa pomoni kwa kama siku mbili. Kuna mbinu rahisi ya kujua yaliyotokea ukiwa kazini. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukute sarafu imezama hadi chini ya kikombe, fahamu kwamba barafu yote iliyeyuka kisha ikaganda upya. Nyama iliyokuwa karibu yake si ya kuliwa.

Usizungushe kidude ovyo

Kuna kosa ambalo nalihofia kuliko yote haya. Barafu inapochelewa, mtu huzungusha kile kidude cha kuongeza baridi hadi mwisho. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, kitendo hicho chaweza kudhuru. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda huharibika hata kama itayeyuka na kuonekana safi machoni. Isiwekwe kamwe kwenye friza wala ikigusa ukuta wa nyuma wa friji. Majirani wengi huhifadhiana dawa hii kwa sababu ni mmoja tu mwenye friji. Mwenye kuweka amana hiyo na auambie umma wa nyumba yake kuwa kidude kile hakichezewi.

Ugumu wa barafu si usafi wake

Tuseme sasa friji imepona na barafu inaganda barabara. Je, ni salama? Hapa ndipo penye imani potovu iliyoenea mno, kwamba baridi huua viini. Baridi huvilaza tu; barafu ikiyeyuka kwenye glasi huamka. Mwaka 1985, watafiti nchini Marekani waligandisha maji yenye viini vya kuharisha, kisha wakaiyeyusha barafu hiyo katika vinywaji mbalimbali, wiski ikiwemo. Baadhi ya viini vilitoka hai. Kipindupindu kilipozuka Peru mwaka 1991, uchunguzi uliofanywa katika mji wa Piura ulivitaja vinywaji vya barabarani vilivyotiwa barafu miongoni mwa vyanzo vyake.

Nasi hatuko mbali na hatari hiyo. Mabomba mengi ya plastiki Kibera hupita ndani ya mitaro ya maji machafu, na bomba lenye ufa hufyonza uchafu huo kila maji yanapokatwa. Yapo maeneo ambako mabomba yameinuliwa juu ya nguzo, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini hata maji yaliyotoka safi yaweza kuchafuliwa na mtungi au mkono.

Naelewa fika kwamba kuchemsha maji hula makaa na gesi, na faida ya barafu ni ndogo. Hata hivyo, mtoto mmoja akiharisha siku tatu, faida ya mwezi huishia zahanati, ikiwa maisha yake hayakuishia huko. Chemsha maji hadi yatokote, au uyatie dawa ya klorini kama ilivyoelezwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Osha trei kwa sabuni, na barafu itolewe kwa kijiko wala si kwa vidole.

Wanunuzi nao wana wajibu. Kabla ya kumpa mwanao shilingi akanunue barafu, muulize muuzaji kama maji yake yalichemshwa. Muuzaji mwaminifu hataudhika, na yule asiyechemsha ataanza kuchemsha akiulizwa mara kumi kwa siku.

Wenye nyumba, kampuni ya umeme na serikali ya kaunti wana deni kubwa kwa wakazi wa Sarang'ombe kuhusu nyaya na mabomba, na tusichoke kuwadai. Lakini mpira wa mlango, vumbi la nyuma ya friji na sufuria ya kuchemshia maji haviwangoji wao. Usiku wa leo, weka trei moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, utazame saa. Isipoganda hadi asubuhi, usimpe mtoto yale maziwa ya jana.