Vimelea vya Seli Moja Si Viumbe Duni

Katika maandalio mengi ya masomo ya sayansi huonekana sentensi hii: "Viumbe vya seli moja ni viumbe duni." Husemwa kana kwamba uhai ni ngazi, binadamu yuko juu, na vimelea vimeachwa chini. Sisi twaona sentensi hiyo yafaa kufutwa, na shahidi wetu ni protini ziitwazo histoni.

Histoni ziligunduliwa na Albrecht Kossel mwaka 1884. Ndani ya kiini cha seli, histoni nane hukaa pamoja mfano wa kigurudumu cha uzi wa cherehani, na DNA hukizunguka karibu mara mbili. Kazi hii ni ya lazima mno, hata mageuko hayakuigusa ila kidogo: mwaka 1969 ilidhihirika kwamba histoni H4 ya ng'ombe na ya mnjegere, yenye asidi amino 102, hutofautiana mahali pawili tu.

Sasa tutazame tripanosoma, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o. Histoni zake zimeachana sana na hizo. Kimelea hiki hujifunika koti la protini. Kina jeni na vipande vya jeni za makoti zaidi ya 1,000, lakini huvaa koti moja tu kwa wakati. Kinga ya mwili ikilitambua, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kuvaa jingine. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba histoni zake mbili za aina ya pekee husaidia kuutawala mpango huo. Zikiondolewa, makoti hubadilishwa zaidi. Basi kimelea hiki hakikuachwa nyuma na mageuko. Kilishika njia yake chenyewe.

Hatusemi mtoto wa shule ya msingi akaririshwe neno histoni. Twasema mwalimu hana budi kujua zaidi ya yale anayoyafundisha, ili machache anayoyasema yawe kweli. Wape wanafunzi uzi mrefu, uwatake wautie ndani ya kiberiti kitupu bila kutatizika. Watagundua wenyewe faida ya kuuzungusha juu ya kitu. Kisha chora ubaoni mti wenye matawi, wala si ngazi, na uweke ng'ombe, mnjegere na kimelea kila kimoja kwenye ncha ya tawi lake.

Jambo hili si la maneno matupu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kimelea ni duni atadhani kukosekana kwa chanjo ya malale ni uzembe wa wataalamu. Aliyefundishwa vema ataelewa kwamba adui huyu hubadili vazi, naye hatamdharau. Wanachuo, kabla ya kuandika neno "duni" ubaoni, jiulizeni: duni kwa kipimo gani?